Kila Fundi na Mshono Wake

Yassir Ramazani hakuumbiwa kiti. Mkaribishe nyumbani kwako, atakaa kidogo kwa heshima, halafu geuka tu kumimina chai, utamkuta anakaza bawaba ya mlango wako iliyolegea. Kwenye msiba, wanaume wenzake wakiwa wametulia mkekani, yeye yuko uani anapasua kuni. Mkewe, Zamda, alishazoea. Huwa anawaambia wageni, "Msimwone kainuka mkadhani kachukia. Mikono yake ndiyo inayomwita."

Na mikono hiyo ilikuwa na sifa Ujiji nzima. Baba yake alivuka kutoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, akiwa na tezo moja mkononi na ufundi wa kuunda boti kichwani. Yassir alianza kuchonga kwa tezo hiyo kabla hajaota ndevu. Sasa anaelekea miaka arobaini, na maisha yake yote ya kazi ameyapitisha kwenye karakana moja, ile ya Mama Clementina pale ufukweni, panapoundwa boti kubwa za mbao zinazobeba mizigo kwenda Kalemie na vijiji vya kusini mwa ziwa. Ukitaka ubao upindwe bila kupasuka, ulikuwa unamwita Yassir. Ukitaka msumari utoke bila kuacha kovu, ni yeye huyo huyo.

Karakana ile ina desturi yake, na bila kuijua desturi hiyo huwezi kuelewa yaliyotokea. Boti ya mbao ni mbao nyingi zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Kati ya ubao na ubao unabaki mwanya, nao mafundi wanauita mshono. Mshono unajazwa pamba iliyolowekwa mawese, inagongwa kwa patasi butu na nyundo ya mti mpaka inashikamana na mbao. Ikigongwa vibaya, boti inakunywa maji. Basi kwa Mama Clementina kila fundi anapewa mishono yake, inaitwa kwa jina lake, na siku boti inaposhushwa ziwani kila mtu anapanda na kusimama kwenye mshono wake, peku, mbele ya mteja na mbele ya watazamaji wote wa ufukweni. Mshono ukitoa jasho kidogo si neno, kwa sababu mbao bado hazijavimba. Lakini ukitiririsha maji, mwenye mshono anazomewa mpaka masikio yanapata moto, na jioni anawalisha wote samaki, migebuka. Kuna wazee Ujiji ambao hadi leo wanajulikana zaidi kwa mshono uliovuja zamani kuliko kwa majina ya baba zao.

Aliyekuwa bingwa wa mishono ni Martini, Mha wa Buzebazeba, mtu wa makamo, mzito wa kusema na mzito wa kutembea. Hakuwahi kulisha mtu samaki hata siku moja. Alikuwa anagonga polepole kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Mwaka jana fundi mkuu wa karakana, Mzee Eliakimu, alishindwa na mgongo akarudi kwao Kasulu kulelewa na binti yake. Walikuwa katikati ya boti kubwa kuliko zote walizowahi kuunda. Mama Clementina, mjane mwenye karakana, mama mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuiomba irudie neno, aliwakusanya mafundi akasema: "Yassir atasimamia boti hii. Ikielea salama, yeye ndiye fundi mkuu. Isipoelea, tutazungumza mengine." Kisha akarudi kwenye simu yake.

Yassir alifurahi mpaka akashindwa kulala. Fundi mkuu! Baba yake alikufa akiwa msaidizi. Aliapa moyoni kwamba boti ile haitakuwa na dosari hata ya msumari mmoja, na njia pekee aliyoijua ya kuhakikisha hivyo ilikuwa kuifanya yote kwa mikono yake.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Rahabu, fundi kijana aliyesomea useremala chuo cha VETA, akiinama kupima ubao, Yassir anafika, anamchukulia penseli mkononi na kuchora mstari mwenyewe. Urbanus, fundi wa magogo na kamba, mtu wa utani, akianza kufunga kamba, Yassir anaifungua na kuifunga upya. Hakuwa na ukali. Alikuwa anatabasamu, anasema "ngoja nikusaidie," na kabla hujajibu kazi imekwisha. Kwa wiki za mwanzo wenzake walimshukuru. Baadaye wakaacha kushukuru. Baadaye zaidi wakaacha kuanza. Mtu anakuja asubuhi, anakaa juu ya gogo, anasubiri. Ukimwuliza vipi, anakuambia, "Namsubiri mwenyewe aje aonyeshe."

Urbanus alisema kwa sauti ya kusikika, "Tumepata fundi mkuu, tumepoteza mafundi." Watu wakacheka. Yassir naye akacheka, akaendelea kupiga randa.

Asubuhi moja, kabla wengine hawajafika, Yassir alipitia boti nzima akiibonyeza mishono kwa kidole gumba. Kwenye mshono wa Martini, ule ulio jirani na mkuku, ile boriti ya chini kabisa ya boti, alihisi pamba laini. Pengine palikuwa laini kweli, pengine kilikuwa kidole chake tu kilichotafuta kazi. Sasa afanyeje? Martini ni mkubwa wake. Kumwambia mkubwa kwamba kakosea, tena mbele ya watu, ni kumvua nguo. Yassir aliwaza kwamba jambo la heshima ni kulimaliza kimyakimya. Akaing'oa pamba, akaloweka nyingine, akagonga upya kuanzia hapo mpaka nyuma, chap chap, akafuta mawese yaliyomwagika. Wenzake walipofika aliwasalimu kama kawaida, na aliona raha moyoni, kwamba amemsitiri mzee wa watu.

Martini alifika, akapanda, akapitisha kiganja kwenye mshono wake. Akasimama. Akapitisha tena.

"Nani kaingia kwenye mshono wangu?" aliuliza.

Nyundo zote zikanyamaza.

"Ni mimi, Mzee Martini," Yassir alisema. "Nilikusaidia tu padogo. Sikutaka kukusumbua."

"Umenisaidia."

"Ndiyo. Palikuwa laini kidogo."

Martini hakupandisha sauti. "Sasa siku ya kushusha nitasimama kwenye mshono wa nani?"

Martini alikusanya patasi zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Nyundo yake ya mti, ile iliyokuwa imelainika kwa kushikwa miaka yote, aliilaza juu ya mshono. "Hiyo baki nayo," alisema. "Naona una mikono ya kutosha." Akashuka, akaenda zake Buzebazeba.

Yassir aliimalizia mishono iliyobaki mwenyewe. Aligonga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na boti ikakamilika. Ilikuwa nzuri, hilo hata Urbanus alilikubali. Ilibaki kuishusha majini, na kushusha si mchezo. Miaka ile ziwa lilipopanda na kumeza sehemu ya ufuko, karakana ilihamishiwa juu. Maji yamerudi nyuma, karakana imebaki kule kule, na kati yake na ziwa kuna mteremko mrefu wa mchanga. Boti inapitishwa juu ya magogo, kwa mabega ya watu. Mafundi wanakuwepo, na wavuvi na wapagazi wa jirani wanakuja kusaidia, kwa sababu ndivyo inavyokuwa siku zote ufukweni: leo kwangu, kesho kwako.

Mzee Eliakimu ndiye aliyekuwa mwitaji. Alikuwa anasimama mbele, anaita, watu wanaitika na kusukuma kwa pamoja. Siku ya kushusha, Alhamisi, Yassir aliichukua nafasi ya kuita, lakini hakuweza kusimama bure huku wenzake wanatoka jasho. Alikwenda kwenye kona ya nyuma, iliyo nzito kuliko zote, akaweka bega, akainamisha kichwa, akaita:

"Ziwa liko wapi?"

"Lile pale!" waliitika waliokuwa karibu naye.

Waliokuwa mbele hawakusikia vizuri. Boti ilisogea. Akaita tena, uso umebanwa kwenye ubao. Upande wa kulia wakasukuma, upande wa kushoto walikuwa bado wanavuta pumzi. Boti ikaanza kupinda. Mtu akapiga kelele kwamba gogo limekaa upande, lakini Yassir hakuliona gogo lolote. Alikuwa anauona ubao tu, ulio mbele ya pua yake. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Boti ikateleza kutoka kwenye magogo, mkuku ukazama mchangani, na ubavu ukajigonga kwenye ncha ya gogo kwa mlio ambao kila seremala anaujua. Ubao ulikuwa umepasuka.

Hakuna aliyeumia. Wavuvi walitikisa vichwa, wakaokota mashati yao. Mama Clementina, aliyekuwa amesimama juu ya mteremko na kitenge chake begani, alishuka taratibu mpaka alipokuwa Yassir.

"Yassir, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasukuma, Mama."

"Wote walikuwa wanasukuma. Mimi nauliza fundi mkuu alikuwa wapi."

Yassir aliutazama ubao uliopasuka. Angependa mchanga ummeze.

"Mteja anakuja Jumamosi," Mama Clementina aliendelea. "Kuna fundi mmoja wa Mwanza nimeshaongea naye. Jumamosi boti ikiwa majini, kazi ni yako. Ikiwa hapa mchangani, Jumatatu yule bwana anapanda basi." Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana iliuma.

Watu walitawanyika. Yassir akachukua sepetu, akaanza kuufukua mkuku peke yake. Jua lilikuwa bado kali. Baada ya muda aligundua kwamba Rahabu hajaondoka, amekaa juu ya gogo anamtazama.

"Utafukua boti nzima peke yako, kaka Yassir?"

"Kama hakuna mwingine."

"Wengine tupo. Hujatuita."

Yassir akaendelea kufukua. Rahabu akasema, "Tangu umekuwa mkubwa, sisi tumekuwa wadogo."

Yassir aliitupa sepetu. "Mimi niliyewabebea kazi zote? Mnakaa juu ya magogo kama wageni wa harusi, mimi navunjika mgongo, halafu mimi ndiye nimewakosea?"

"Ndiyo," Rahabu alisema. "Siku ile uliponichukulia penseli, nilikuwa nimeshapata kipimo. Kilikuwa sawasawa na chako. Nilirudi nyumbani nikajiuliza kama najua kazi au sijui. Mimi nimesomea kazi hii, kaka. Nilianza kuisahau mikononi mwako."

Yassir alitaka kujibu kwa ukali, lakini ukali haukuja. Kilichokuja kilikuwa woga, ule ule aliokuwa nao tangu siku aliyopewa kazi, na safari hii aliutaja. "Naogopa, Rahabu. Ikivuja, ni mimi."

"Na ikielea? Utakuwa wewe peke yako pia?"

Yassir alikaa mchangani, mtu ambaye hakai, na roho ilimuuma sana.

Ijumaa asubuhi alipanda kwa miguu mpaka Buzebazeba. Alimkuta Martini nje ya nyumba yake, anamenya mihogo na mkewe. Yassir, ambaye Kiha chake ni cha kuokoteza ufukweni, alisimama kwa mbali, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyofanya mbele ya mkubwa, akamsalimia, "Mwakeye." Mke wa Martini alitabasamu kidogo. Martini aliitikia bila kuinua macho. Yassir akachuchumaa, akaiweka nyundo ya mti chini, kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekuletea nyundo yako. Nilikosa. Nilidhani nakusitiri, kumbe nakudharau. Ningekuwa na heshima kweli ningekuita nikakuonyesha."

Martini aliendelea kumenya. Ganda refu la muhogo likaanguka kwenye beseni.

"Mimi nikikosea," alisema mwishowe, "niambie. Mchana, usoni. Nitakasirika. Nitakwenda kunywa maji. Nitarudi nitengeneze. Kazi ya watu wazima iko hivyo. Lakini usiniibie mshono wangu nimelala."

"Sitarudia."

"Ego," Martini alisema, yaani ndiyo kwa Kiha. Akaichukua nyundo, akaipima mkononi kama anayekagua kama imeharibiwa. "Boti nasikia mmeivunja."

"Ubao mmoja. Na ule mshono wa jirani na mkuku, nitaing'oa pamba yangu, uanze upya."

"Ule siugusi."

"Vipi tena, mzee?"

"Ule ni wako sasa. Kesho utasimama wewe."

Mke wa Martini aliinamisha uso kwenye mihogo asionekane anacheka. Yassir akakubali.

Siku hiyo ilikuwa ngumu kwake kuliko siku zote za kubeba mbao. Ubao uliopasuka alimpa Rahabu, kuanzia kupima mpaka kupigilia, na yeye akageuza ndoo akaikalia. Alikaa! Mafundi walipita karibu wakimtazama kama wanaotazama mgonjwa. Rahabu alichora mstari wa kwanza, Yassir akaona umekwenda pembeni kidogo. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe. Akaurudisha, akaubana chini ya paja. Rahabu aliutazama ule mstari, akakunja uso, akaufuta, akachora mwingine, na huo ukawa umenyooka. Yassir alishusha pumzi. Alishangaa jinsi jambo dogo kama lile lilivyompa furaha kubwa.

Kisha, kwa kuwa alikuwa amekaa na hana la kufanya, akaanza kuuliza. Alimwuliza Urbanus kwa nini boti ilipinda upande ule jana.

"Upande wa kulia mchanga ni laini," Urbanus alijibu. "Maji yalipopanda yaliacha tope chini yake. Ukikanyaga unaona mguu unazama."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Ulikuwa umeshanifungulia kamba."

Zamani Yassir angekwenda kulijaza tope lile mwenyewe. Safari hii alisema, "Wewe ungefanyaje?" Na Urbanus, mtu wa utani, akaacha utani. Alisema wangekata makuti ya michikichi, wayatandike tabaka kwa tabaka upande wa kulia, magogo yapakwe mashapo ya mawese. Wapagazi wenye miili mikubwa wawekwe kulia, mafundi wanaojua kusikiliza mwito wawekwe kushoto. Alikuwa na mpango mzima kichwani, umekaa humo bila kazi. Kabla jua halijachwa makuti yalikuwa yametandikwa, na karakana ilikuwa na kelele ambazo hazikusikika tangu Mzee Eliakimu aondoke: watu wanabishana kuhusu kazi.

Jumamosi mteja alifika mapema, na ufuko ulikuwa umejaa. Habari za aibu ya Alhamisi zilikuwa zimeshafika mpaka Katonga, na watu wa pwani ya ziwa hawakosi tukio. Mama Clementina alisimama juu, simu mkononi. Zamda alikuwepo, katikati ya wanawake, amejifunga kanga kiunoni.

Yassir alitembea mbele ya boti, akateremka mpaka maji yakamfika magotini, akageuka akawaangalia watu wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona boti nzima kwa mpigo mmoja, na kila bega lililoishika. Alimwona Rahabu kushoto, amejikaza. Alimwona Urbanus na kijiti chake cha kuongozea magogo. Alimwona Martini nyuma, kwenye ile kona nzito. Akaikunja mikono yake nyuma ya mgongo, akashika mkanda wa suruali.

"Ziwa liko wapi?"

"Lile pale!"

"Nani analitaka?"

"Sote!"

"Twende!"

Boti ikasogea, nzima nzima, bila kupinda. Akaita tena. Ikasogea. Walifika kwenye makuti, pale ilipozama Alhamisi, na hapo ikakwama. Mabega yalisukuma, miguu ikachimba mchanga, boti ikakataa. Mpagazi mmoja akapaza sauti, "Fundi, njoo ushike na wewe!" Wengine wakadakia, njoo, njoo. Mikono ya Yassir ilimwasha kama yenye upupu. Kila mshipa mwilini ulimwambia kimbia, weka bega. Akaubana mkanda mpaka vidole vikafa ganzi, akatazama. Gogo la tatu kutoka mbele lilikuwa limekaa mshazari.

"Tulieni wote!" aliita. "Urbanus, gogo la tatu. Lirudishe kwako."

Urbanus akaingia na kijiti, akaligonga likanyooka.

"Kushoto shikilieni tu. Kulia, pumueni. Mzee Martini, nyuma pakoje?"

"Pako tayari," Martini aliitikia.

"Basi ziwa liko wapi?"

Sauti iliyorudi ilikuwa ya ufuko mzima, mpaka watazamaji na kina mama waliokuwa na mabeseni ya dagaa vichwani. Boti ikajinyanyua kutoka kwenye makuti, ikashika kasi, na Yassir ilibidi aruke pembeni isimpitie. Ikaingia Ziwa Tanganyika, mbele ikazama kidogo, ikainuka, ikaelea. Kina mama wakapiga vigelegele. Yassir alikuwa amesimama majini, machozi yanamtoka, na hakujali nani anayaona.

Lakini bado kulikuwa na mishono. Mafundi wakapanda, wakavua viatu, kila mmoja akasimama kwake. Mteja akapanda, na Mama Clementina akapandishwa kwa heshima zote. Rahabu alisimama kwenye ubao wake mpya, mkavu. Martini alisimama kwenye mishono yake iliyobaki, macho yanatazama mbali kama asiyehusika. Yassir akasimama chini, jirani na mkuku.

Alihisi ubaridi kwenye vidole vya mguu wa kulia. Akadhani ni jasho la mbao. Ubaridi ukazidi. Alipoinamisha macho kidogo aliona maji yanatiririka, membamba, chini ya unyayo wake, pale pale alipogonga kwa haraka asubuhi ile ya kusitiriana. Unyayo wake ulikuwa umepafunika. Hakuna mwingine aliyeona. Mteja alikuwa anageuka kushuka, Mama Clementina anatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi huo, na Mwanza ilikuwa umbali wa simu moja tu. Angeweza kuendelea kusimama.

Yassir akanyanyua mguu. "Jamani," alisema, "huu wangu unavuja."

Wote wakainama kutazama. Kisha Urbanus akaanza kuzomea, na boti nzima ikafuata, na ufuko wote ukafuata, mpaka wavuvi waliokuwa mbali wakasimama kwenye mitumbwi yao kuuliza kuna nini. Fundi hodari wa Ujiji kavuja! Masikio yake yalipata moto kweli kweli. Katikati ya kelele zile alimgeukia Martini. "Mzee, naomba unisaidie mshono wangu."

"Umeniomba?"

"Nimekuomba. Mbele ya watu."

Martini alichuchumaa kwa uzito wake ule ule, akatoa pamba na patasi kwenye kitambaa, akagonga polepole. Maji yakakatika. Alipoinuka alimpa Yassir mkono, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Kazi imekwisha, fundi mkuu."

Mteja alicheka akasema amenunua boti nyingi maishani, lakini hajawahi kuonyeshwa tundu na fundi mwenyewe, na kwamba boti inayofuata ataagiza hapa hapa. Mama Clementina alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Samahani sana, bwana," alisema, akimtazama Yassir. "Nafasi hiyo imeshapata mtu."

Jioni hiyo Yassir aliwalisha migebuka, kama desturi inavyotaka, na ugali wa muhogo uliosongwa na Zamda na jirani zake. Watu walijaa karakana nzima. Yassir aliinuka, akachukua sahani, akaanza kugawa samaki. Rahabu akaja, akamchukulia sahani mkononi kama yeye alivyomchukulia penseli.

"Ngoja nikusaidie," alisema. "Kaa, fundi mkuu."

Yassir alitazama mikono yake, akamtazama Zamda, aliyekuwa hana mbavu kwa kicheko. Akaigeuza ndoo yake, akakaa, akasubiri aletewe.